Majina Tisa, na Yale Niliyoyaacha

Kwanza nashukuru kwamba ninaandika haya nikiwa nimeketi, na pumzi ya kumaliza sentensi ninayo. Kuna wakati sentensi moja nilikuwa naikata vipande vitatu. Afisa wa afya aliniomba nisimame mbele ya wagonjwa wapya niwape moyo. Nikamwambia mimi nikisimama mbele ya watu zaidi ya kumi naanza kuuza kitu, afadhali niandike. Kama unasoma na unakohoa, soma polepole. Hatuna haraka.

Naitwa Jeska Khasandi. Sokoni wananiita Mama Ambani. Nauza kuku wa kienyeji hapa Kakamega mjini. Ingokho zangu, ndivyo tunavyoita kuku kwetu, nazitoa Malava, na wakati mwingine nafika hadi Chekalini ambako wakulima bado hawajajua bei za mjini, ingawa wanajifunza haraka. Kila kitu nahesabu mara mbili. Kuku wakiingia kwenye tenga nawahesabu, wakitoka nawahesabu. Sio wezi tu ninaowaogopa. Kuku mwenyewe hana adabu ya hesabu, anaweza kuingia tenga la jirani na kulala huko kama kwake.

Na katika kazi yangu hakuna mtu anayetaja bei yake ya mwisho kwanza. Ukiitaja kwanza, mteja ataifanya ndiyo mwanzo wa maongezi. Kwa hiyo kila ninapoulizwa jambo, kuna kitu nabakisha. Imekuwa tabia, hata mume wangu akiniuliza kama chumvi ipo, namwambia ipo kidogo. Kumbukeni hilo, litarudi.

Jambo lingine ni kwamba naimba. Sauti ya pili, mstari wa mbele, kiti cha tatu kutoka dirishani. Kwaya yetu ya kanisa ina watu ishirini na watatu tukimhesabu Mwalimu Shitandi anayetufundisha. Mwaka mmoja tulienda kwenye mashindano ya matawi na wimbo tuliotunga wenyewe. Kwaya ya Malava ikapanda kabla yetu na kuimba wimbo ule ule, mpaka mahali pale ambapo sauti ya pili inabaki nyuma kama mtu aliyesahau kikapu. Kumbe walikuwa na mtu wao aliyekuwa akija kusimama nyuma ya dirisha letu na simu. Wao wakarudi nyumbani na mbuzi wa ushindi. Sisi tukarudi na cheti cha kushiriki.

Kuanzia siku hiyo tukafunga madirisha. Chumba chetu cha mazoezi zamani kilikuwa stoo ya mahindi ya kanisa. Kina madirisha mawili, yote upande mmoja. Tuliyapigilia misumari, na juu yake tukatundika blanketi nzito ili hata sauti isitoke. Mwalimu Shitandi akasema, "Wimbo ni kama mboga kwenye chungu. Ukifunuafunua, majirani watajua unapika nini." Tukacheka. Tukaimba humo saa mbili mbili, mara tatu kwa wiki, jasho likitutoka kama watu wanaochimba kisima. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tunalinda mali yetu.

Kando yangu, kiti cha nne, aliketi Beatrice Musimbi, Mama Linet. Yeye ni fundi wa cherehani, anashona sare za shule na za kwaya. Tulishiriki daftari moja la nyimbo, kwa hiyo vichwa vyetu vilikuwa karibu kuliko vya mtu na mumewe. Ndiye aliyeanzisha ule utani.

"Mama Ambani," alikuwa akisema, "wewe hata ukichelewa huwa tunajua umeshafika. Kuku zako hukutangulianga."

Na mtu wa besi kule ukutani, mstari wa nyuma, alikuwa akijibu, "Huku zimefika zamani, zimeketi."

Nilikuwa natoka sokoni moja kwa moja, aproni ikiwa kwenye mfuko. Sikujali. Harufu ya kuku ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Kikohozi kilinianza na mvua, wakati tunajifunza wimbo wa pili. Kila mtu hukohoa na mvua. Nikanunua dawa ya maji kwenye duka la dawa, chupa ya rangi nyekundu. Ilipoisha nikanunua ya rangi ya kahawia. Niliona kama nimebadilisha tiba, kumbe nimebadilisha rangi. Wiki ya tatu nikaanza kuloa jasho usiku, shuka inakamulika. Mume wangu, Baba Ambani, ambaye ni seremala na si mtu wa maneno, aliniuliza asubuhi moja, "Mama, tumelala mtoni?"

Nikaanza kukonda. Sketi ya kwaya ikawa inazunguka kiunoni, zipu inakuja mbele yenyewe. Beatrice akaipunguza. Baada ya wiki chache akaipunguza tena, pini mdomoni, akinitazama kwa jicho la fundi.

"Nimepunguza mara mbili, Mama Ambani. Ukirudi ya tatu nitakushonea ya mtoto."

"Ni kazi tu," nikamwambia. "Kukimbizana na kuku."

"Kuku wenyewe wamenona," akasema.

Tulikuwa sentimita chache, yeye amepiga magoti mbele yangu, mimi nikikohoa juu ya kichwa chake. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi kuliko mara mbili.

Siku niliyokubali kwamba naumwa, nilikuwa nabishana na mteja juu ya jogoo. Alikuwa mteja mgumu, nami nilikuwa karibu kumshinda. Kikohozi kikanijia katikati ya neno. Nikaweka kiganja mdomoni, nilipokitoa nikaona damu. Matone mawili, mekundu na yenye povu kidogo. Nikahesabu tena. Mawili. Yule mteja akaona pia. Akalipa bei niliyotaka bila kuongea na akaondoka haraka. Sijawahi kuuza kwa urahisi namna ile, na sitaki tena.

Hospitalini muuguzi alinipa kopo dogo na kuniambia niende nyuma ya jengo, mahali pa wazi penye jua, nikohoe kutoka chini.

"Sitaki mate, Mama," akasema. "Mate hata mimi ninayo. Nataka kile kinachokaa ndani."

Nikakohoa mpaka mbavu zikalia. Kilichotoka kilikuwa kizito, kijani na michirizi ya damu. Nikamletea. Akanishukuru kwa dhati, kama mtu aliyepewa zawadi. Jibu likaja kesho yake: kifua kikuu. Walinipima na mengine ambayo hupimwa pamoja nacho, hayo hayakuwepo. Uzito wangu ulikuwa kilo arobaini na saba. Nilimwomba muuguzi anipime tena. Arobaini na saba.

"Dawa ni ya miezi sita," akasema. "Hailipishwi. Kwa uzito wako ni vidonge vitatu kila asubuhi. Hakuna kuruka siku, hakuna kupunguza."

"Na nikipona mapema?"

"Utajisikia umepona mapema. Utaendelea kumeza."

Nikajaribu miezi minne. Akanitazama tu. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: siku mia moja sitini na nane, vidonge mia tano na vinne. Nikapiga tena. Mia tano na vinne. Baba Ambani akasema, "Sasa unavihesabu vya nini? Anza na vitatu."

Siku ya pili akaja afisa wa kufuatilia magonjwa, msichana mwembamba anayeitwa Nafula, na daftari. Aliketi nje nasi, hakutaka ndani. Nikamwita Daktari. Akasema yeye si daktari. Daktari hutibu mtu mmoja mmoja, kazi yake yeye ni kutafuta ugonjwa umepita wapi katika watu wengi.

"Mama Ambani, kifua kikuu hakikai kwenye sahani wala kwenye mkono. Kinakaa hewani, mahali pamefungwa. Kwa hiyo nipe majina ya watu unaokaa nao saa nyingi, ndani. Nyumbani, kazini, kanisani, popote."

Nikampa majina matano ya nyumbani: mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Akaandika. Akangoja. Nikaona bado kalamu imesimama, nikamwongezea wanne wa meza za jirani sokoni, kama mtu anavyoongezea kitunguu juu ya fungu ili mteja aondoke ameridhika.

"Hao wa sokoni mko nje," akasema. "Hatari yao ni ndogo. Ndani kwingine?"

"Ni hao tu."

"Kanisani?"

"Kanisa letu ni kubwa na lina hewa," nikasema. Hilo lilikuwa kweli. Kanisa ni kubwa na lina hewa. Stoo ya mahindi hakuniuliza.

Majina tisa. Akayasoma tena mbele yangu. Na yeye pia, kumbe, huhesabu mara mbili.

Nisije nikajipaka rangi nzuri hapa. Sikusahau kwaya. Mtu hawezi kusahau watu ishirini na wawili. Nilifikiri hivi: nikiwataja, huyu msichana ataenda kufungua yale madirisha, watu wataandikwa, mazoezi yatasimama, na Malava watasikia kwamba kwaya yetu ina ugonjwa. Mashindano yalikuwa karibu. Tena tulikuwa tumeapa kutomwambia mtu yeyote tunafanyia mazoezi wapi, na kiapo kile kilikuwa mbele ya Biblia.

Lakini dhamiri ilinisumbua kidogo, kwa hiyo nilimwita Mwalimu Shitandi nyumbani na kumwambia ukweli peke yake. Wengine niliwaambia ni nimonia. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha mbao cha Baba Ambani, akakohoa kwanza.

"Pole sana, Mama. Lakini ngoja mashindano yapite. Wiki saba tu. Tukimaliza nitawapeleka wote wakapimwe, mimi mwenyewe mbele."

"Wiki saba ni nyingi, Mwalimu."

"Sita."

"Nne."

"Nne haitoshi, wimbo wa tatu bado haujashika. Tano. Wiki tano tutakuwa tumebakiza kurudiarudia tu."

"Na hicho kikohozi chako?"

"Hiki ni cha chaki, Mama. Ni cha kazi."

Mwalimu Shitandi alikuwa amestaafu. Chaki hakuwa ameishika kwa miaka. Nililijua hilo, nikaliacha lipite, kwa sababu nilikuwa nimemshusha kutoka saba hadi tano na nilikuwa najiona mshindi. Tukapeana mkono. Ndivyo nilivyopatana na mtu juu ya kitu ambacho hakikuwa chake wala changu.

Kisha nikaingia kwenye dawa, na miezi miwili ya mwanzo sina la kuisifu. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, machozi pia yakaacha doa kwenye leso. Nikimeza asubuhi, tumbo linageuka. Obusuma, ugali ambao nimekula maisha yangu yote, ikawa inanuka kama mbao mbichi. Viungo vikauma, magoti hasa, nikawa nashuka kitandani kama ngazi iliyolegea. Nyayo zikachomachoma kama nimekanyaga siafu, mpaka muuguzi akaniongezea kidonge kimoja kidogo cha vitamini. Hicho nikakihesabu kando. Kuchoka kwenyewe kulikuwa kwa namna nyingine. Nilikuwa nachoka kwa kukaa. Nilichoka kwa kusikiliza. Baba Ambani alikuwa akisimama mbele yangu kila asubuhi na kikombe cha maji, haongei, mpaka koo langu lipande na kushuka mara tatu.

Wa nyumbani na wa sokoni walipimwa wote tisa. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa, na wa nyumbani walipewa dawa za kuzuia. Nafula alishangaa.

"Mama Ambani, umekohoa miezi miwili na hukumwambukiza mtu?" akaniuliza. "Hii njia yako haina mwanzo na haina mwisho. Njia haiwi hivyo."

"Bahati," nikamwambia.

Hakuandika bahati. Niliangalia.

Wiki ya tatu ya mapatano yetu, Beatrice alikuja kuniona. Alileta mboga ya mrenda kwenye hotipoti, na sketi yangu ya kwaya aliyoipunguza kwa mara ya tatu. Tuliketi nje kwenye kivuli cha ukuta. Akaniambia wimbo wa tatu umekuwa mtamu, kwamba nikirudi nitakuta sauti ya pili imepewa mahali pazuri. Alipokuwa akiongea alikohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, mkono ameuweka ubavuni upande wa kulia. Alikohoa mara saba katika muda wa kikombe kimoja cha chai. Nikahesabu upya kwa kikombe cha pili. Mara tisa.

"Ubavu umefanya nini?" nikamuuliza.

"Cherehani. Nimekaa vibaya. Nikivuta pumzi ndefu, inachoma kama sindano."

"Nenda ukapimwe, Mama Linet."

"Nikapimwe cherehani?" akacheka, kisha akakatisha kicheko kwa sababu kilimuuma.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno lilifika kwenye meno. Lakini nilikuwa nimempa Mwalimu mkono, na sokoni mtu anayevunja mapatano hanunui tena kwa mtu yeyote. Nikajiambia zimebaki wiki mbili. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikiwa natembea polepole kwa sababu ya magoti, na yeye akitembea polepole pia. Sikujiuliza yeye anapunguza mwendo kwa ajili ya nani.

Wiki ya tano, Linet, binti yake, alinipigia simu asubuhi. Mama ameanguka akiwa anashona. Hawezi kulala chali, hawezi kumaliza neno, amepelekwa hospitali. Baadaye nilimkuta ameketi kitandani ameinamia mto, kwa sababu kwa kuketi hivyo tu ndipo alipoweza kupumua. Walikuwa wamemchoma sindano kubwa mgongoni katikati ya mbavu na kutoa maji. Maji ya rangi ya chai ya rangi. Chupa ya kwanza ilikuwa imejaa na ya pili ilikuwa imeanza. Daktari aliniambia ni kifua kikuu cha ngozi inayozunguka pafu.

"Haya maji hayakujaa kwa siku moja," akasema. "Angekuja mwezi mmoja nyuma, ingekuwa rahisi kwake."

Mwezi mmoja nyuma. Nikauhesabu. Nikauhesabu tena.

Sikurudi nyumbani. Nilienda ofisini kwa Nafula, nikaketi kwenye benchi mpaka akarudi kutoka kazini kwake vijijini, viatu vina matope.

"Nilikupa majina tisa," nikamwambia. "Yamebaki ishirini na mawili."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta daftari, akafungua ukurasa mpya na kuuliza, "Kwa nini ulianza na tisa, Mama?"

"Sokoni mtu hataji ya mwisho kwanza."

"Mimi sikuwa nanunua," akasema.

Nikamtajia wote. Nilianza na waliokuwa mbali, wa mstari wa nyuma, nikaja mbele polepole. Jina la Beatrice nililitaja la mwisho, kwa sababu lilikuwa zito kulibeba mpaka pale.

Jumamosi Nafula alikuja kanisani. Alisimama kwanza ndani ya ile stoo, peke yake, mlango wazi. Akagusa blanketi, akagusa misumari. Akapima chumba kwa hatua zake. Kisha akatoka na kutuambia tutoe viti vyote nje, tuvipange uwanjani juani jinsi vinavyokuwaga ndani, na kila mtu aketi mahali pake. Tuliketi. Kiti cha nne kilikuwa wazi. Hakuna aliyekiangalia.

Wanakwaya walikuwa wamenikasirikia. Mmoja wa sauti ya kwanza alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu alikuwa na nimonia. Nimonia inayoandikwa daftarini." Mwingine akasema Malava watatuimbia hata huo ugonjwa. Nilistahili, na pia sikuwa na pumzi ya kujibizana.

Nafula hakutugombeza. Aliuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama Ambani alipokuwa akiingia mazoezini, mlijuaje kwamba amefika?"

Mtu mmoja akacheka puani, na wengine wakafuata.

"Kuku," akasema mtu wa besi.

"Wewe unakaa wapi?"

"Hapa. Nyuma kabisa, ukutani."

"Na harufu ilikuwa inakufikia?"

"Inafika, Madam. Na ikifika haiondoki. Unaenda nayo nyumbani, mke anakuuliza umenunua kuku iko wapi."

Watu wakacheka vizuri sasa. Nafula akawaacha wacheke mpaka wamalize.

"Basi harufu ilibebwa na hewa ileile aliyokuwa anapumua," akasema. "Ikiwa kuku zake zilifika ukutani, na pumzi yake ilifika. Na yako ilifika kwake. Mlikuwa mnabadilishana pumzi saa mbili, mara tatu kwa wiki, na mnaoimba mnavuta hewa nyingi kuliko wanaokaa kimya. Kama dirisha lingekuwa wazi, harufu ingetoka, na huu ugonjwa ungetoka nayo."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa nimesikia utani ule mwaka mzima, wiki baada ya wiki, na sikuwahi kusikia kilichokuwa ndani yake.

Kisha akauliza kila mtu kikohozi kilianza lini. Watu hawakujua tarehe. Sisi hatukumbuki tarehe, tunakumbuka nyimbo. Mmoja akasema alianza kukohoa tulipokuwa kwenye ubeti mgumu wa wimbo wa tatu. Mwingine akasema tulipomaliza wimbo wa pili. Nafula akachora mstari kwenye daftari na kuandika nyimbo badala ya miezi. Alipofika kwa Mwalimu Shitandi, mzee aligeuzageuza kofia mikononi.

"Kabla ya wimbo wa kwanza," akasema. "Tangu mwaka jana. Nilisema ni chaki."

Wote walipimwa, kwa makohozi na kwa picha ya kifua. Kati ya ishirini na watatu tulikuwa na ugonjwa watano: mimi, Mwalimu, Beatrice, na wawili waliokuwa wakikaa upande uleule wa blanketi. Waliobaki walipewa dawa za kuzuia. Baadaye nilimfuata Nafula. Nilitaka anipe jibu. Je, mimi ndiye niliyempa Beatrice, au ni Mwalimu? Na mimi, nilipata kwa Mwalimu?

"Mpangilio wa nyimbo unaonyesha Mwalimu alitangulia," akasema. "Lakini nani alimpa nani, siwezi kuapa. Mlikuwa wawili, chumba kimoja."

"Nipe hata nusu ya jibu."

"Sina nusu. Mama, mimi sitafuti mkosaji. Natafuta mlango ulioachwa wazi ili niufunge. Hapa ilikuwa kinyume: natafuta dirisha lililofungwa."

Nimelitafakari hilo miezi mingi, nikimeza vidonge vyangu. Nimefika mahali pangu mwenyewe. Pumzi sikuichagua. Hakuna mtu anayejua pumzi yake imebeba nini. Lakini majina niliyachagua, na wiki tano nilizipatania kwa mdomo wangu, nikapeana mkono. Hizo ni zangu. Maji yale yaliyotoka mgongoni mwa Beatrice, kiasi kilichoongezeka katika wiki tano, hicho ni changu, hata kama sijui ni chupa ngapi.

Nilimeza kidonge cha mia tano na nne siku ya Jumatano. Uzito ulikuwa kilo hamsini na tatu, mara mbili. Makohozi yalikuwa safi. Baba Ambani akachukua kikombe, akakigeuza chini juu ya meza na kusema, "Basi." Watu wanafikiri siku hiyo unaruka. Mimi nililala. Kupona kunachosha. Mwili unakurudia kidogokidogo kama mteja anayelipa kwa sarafu, na kila siku unaangalia kama imetimia.

Mwalimu alipona, amezeeka. Beatrice alipona, lakini pafu la kulia lilibaki na makovu. Anashona nusu siku. Ngazi anapanda kwa awamu mbili. Noti ndefu hawezi tena kuishika.

Mashindano ya mwaka ule hatukwenda. Mwaka uliofuata tulitoa misumari, tukashusha blanketi, Beatrice akaikata na kushonea viti matandiko. Tuliimba madirisha wazi. Mtu wa Malava alikuja na simu kama kawaida, akasimama nje, na mtu wa besi akamwambia asogee karibu asije akakosa ubeti wa pili. Tulikuwa wa nne. Malava walikuwa wa pili, kwa wimbo wetu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Kikohozi kikipita wiki mbili, usibadilishe rangi ya chupa, nenda ukapimwe. Dawa meza zote, hesabu yake haipunguzwi. Fungua dirisha, hata kama kuna mtu nje anaiba wimbo. Na ukiulizwa majina, taja ya mwisho kwanza. Nawashukuru wauguzi, Nafula na viatu vyake vya matope, na mume wangu na kikombe chake.

Beatrice nilimwomba msamaha nyumbani kwake, cherehani ikiwa kati yetu. Nilimweleza yote, hata lile la kupatana wiki. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini siku ile nilipokuja na mrenda, ulinihesabia vikohozi. Nilikuona midomo inavyocheza."

Nikaokota kipande cha uzi sakafuni.

"Siku nyingine ukihesabu watu, Mama Ambani, anza na mimi."

Sasa yeye ndiye anayefika kwanza mazoezini, anafungua madirisha yote mawili na kuketi kiti chake cha nne, ingawa haimbi zaidi ya mistari michache. Mimi nafika baada yake, natoka sokoni, kuku wamenitangulia. Nasimama mlangoni na kuhesabu vichwa kabla ya kuingia. Naanza na yeye. Nikimaliza narudia, na mara ya pili pia naanza na yeye.